Injini Yanguruma, Motaboti Haiendi: Kutafuta Hitilafu katika Motaboti ya Jeti Iliyokwisha Tumika

Mashine ikiharibika, aghalabu mtu hulaumu kile anachokisikia. Injini ikinguruma vibaya, hulaumiwa injini; injini ikinguruma vizuri na chombo kisiende, hulaumiwa injini vilevile. Katika motaboti ya jeti tabia hii hupoteza fedha nyingi, na mara nyingine huhatarisha maisha ya watu. Chombo hiki kina sehemu mbili zinazotegemeana, yaani injini na pampu ya maji, na ugonjwa wa moja huweza kujionyesha kana kwamba ni ugonjwa wa nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi fundi anavyoweza kuutambua ugonjwa kabla hajafungua hata nati moja, kwa kutumia kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

CHOMBO KILICHOZALIWA MITONI

Katika kisiwa cha kusini cha New Zealand, mito kama Waimakariri na Rakaia hushuka kutoka milima yenye theluji na kupita katika nyanda za Canterbury. Hapo hugawanyika katika mikondo mingi iendayo kasi, yenye kina kifupi, juu ya vitanda vya kokoto. Rafadha, yaani panga boi la kawaida lililo chini ya chombo, haidumu katika maji ya namna hiyo, kwa kuwa hugonga mawe na kuvunjika. William Hamilton, mfugaji na mhandisi aliyezaliwa mwaka 1899 na kufanya kazi zake katika shamba la Irishman Creek, alianza kulishughulikia tatizo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Katika majaribio yake ya kwanza pampu ilitoa maji chini ya chombo. Baadaye aliuhamisha mdomo wa kutolea maji ukapita katika ubao wa tezi, juu ya usawa wa maji. Badiliko hilo liliongeza mwendo sana, na chini ya chombo hapakubaki kitu cha kugonga mawe. Hamilton hakudai kwamba ndiye aliyebuni wazo la kusukuma chombo kwa maji. Sifa hiyo alipenda kumrudishia Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani wa zama za kale.

Mwaka 1960 motaboti za jeti zilipanda mto Colorado nchini Marekani, zikipita katika bonde la Grand Canyon kinyume cha mkondo. Mwaka 1974 na 1975 zilitumika katika msafara wa mto Zaire, ambao leo unaitwa tena Kongo, ulioongozwa na John Blashford-Snell. Mwaka 1977 Edmund Hillary, mmoja wa watu wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest, alizitumia kuupanda mto Ganges nchini India. Hamilton alifariki mwaka 1978.

Motaboti hizi hudumu miaka mingi, na kwa hiyo huuzwa na kununuliwa tena mara kadhaa. Nyingi za zamani huendeshwa na injini za petroli zilizotokana na injini za magari, mara nyingi zenye silinda nane. Anayenunua chombo kama hicho hununua pia historia asiyoijua: mchanga uliopita ndani yake, majira ya baridi yaliyokipata kikiwa na maji tumboni, na matengenezo ya mafundi waliotangulia. Ndiyo maana kutafuta hitilafu katika chombo kilichokwisha tumika ni kazi inayohitaji utaratibu.

JETI HUSUKUMA VIPI?

Motaboti ya jeti huchota maji kupitia tundu lililo chini ya sehemu yake ya nyuma. Tundu hilo limewekewa fito za chuma ili kuzuia mawe na vipande vya miti. Maji yakiisha kuingia hupokewa na impela, yaani gurudumu lenye mapanga yaliyopinda, ambalo huzungushwa na injini ndani ya mzingo wa chuma. Nafasi iliyopo kati ya ncha za mapanga na mzingo huo ni sehemu ndogo tu ya milimita. Impela huyasukuma maji kwa nguvu. Mapezi yaliyokaa imara nyuma yake huyanyoosha yasiendelee kuzunguka. Kisha mdomo mwembamba uitwao nozeli huyatoa nyuma kwa kasi kubwa. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, kani inayoyatupa maji nyuma ina kani mwenzake inayokisukuma chombo mbele.

Ukubwa wa kani hiyo hupatikana kwa kuzidisha tungamo la maji yanayopita kwa sekunde moja na tofauti iliyopo kati ya kasi ya maji yatokayo na kasi ya chombo. Mathalani, pampu ikipitisha kilo 100 za maji kwa sekunde na kuyatoa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, motaboti iliyosimama husukumwa kwa kani ya nyutoni 2,500. Iwapo tayari inakwenda mita 15 kwa sekunde, na maji yanapita kwa kiasi kilekile, kani huwa nyutoni 1,000.

Hapa pana jambo kubwa la kuangaliwa. Motaboti ya jeti haina usukani wa ubao unaozama majini. Dereva huiongoza kwa kuugeuza mkondo wa maji yatokayo nyuma. Maji yakiacha kutoka, uongozi nao hutoweka. Katika gari, injini ikizimika magurudumu bado hugeuka. Katika motaboti ya jeti, injini ikizimika katikati ya maporomoko, chombo hupoteza mwendo na uongozi kwa wakati mmoja, na mto ndio unaoamua kitakwenda kugonga wapi. Kwa hiyo hitilafu ndogo inayopuuzwa gatini huweza kuwa msiba mtoni.

MITA YA MIZUNGUKO NI SHAHIDI

Rafadha ya kawaida hulemewa na mzigo wa chombo. Chombo kikijaa mizigo, rafadha huzunguka kwa shida na mizunguko ya injini hupungua. Impela ya jeti haiko hivyo. Imefungiwa ndani ya mzingo wake, na kazi yake ni kusukuma maji tu. Ni tofauti ndogo sana kwake iwapo chombo kinakwenda kasi, kinakwenda polepole au kimefungwa kwa kamba gatini. Kwa idadi fulani ya mizunguko, impela hudai nguvu ileile karibu wakati wote.

Nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha mizunguko. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu inayodaiwa huongezeka mara nane. Kwa sababu hiyo kila motaboti ya jeti iliyo nzima ina kikomo chake. Mafuta yakifunguliwa yote, injini hupanda hadi idadi fulani ya mizunguko, tuseme 4,000 kwa dakika, na kutulia hapo, kwa kuwa hapo nguvu itolewayo na injini inalingana na nguvu idaiwayo na pampu. Idadi hiyo ndiyo kipimo cha afya ya chombo, na mwenye motaboti yampasa aiandike na kuihifadhi. Mnunuzi naye yampasa aiulize kabla ya kutoa fedha zake.

Mtu akiijua idadi hiyo, mita ya mizunguko huwa shahidi anayeweza kutoa mojawapo ya habari tatu:

Kwanza, mizunguko imepita kikomo cha kawaida, na chombo hakina mwendo. Injini ni nzima, ila pampu haishiki maji. Ugonjwa uko upande wa jeti.

Pili, mizunguko haifiki kikomo cha kawaida. Pampu inadai nguvu yake kama kawaida, lakini injini haiwezi kuitoa. Ugonjwa uko upande wa injini.

Tatu, mizunguko ni ileile ya kawaida, lakini mwendo ni mdogo. Inaelekea kwamba injini na pampu ni nzima, na kwamba kuna kitu kinachokizuia chombo: maji yaliyojaa katika ngama, mizigo iliyozidi au kuwekwa mahali pasipofaa, au kifuniko cha kurudisha chombo nyuma ambacho hakikuinuka chote na kinaukata mkondo wa maji.

Hata hivyo, shahidi naye huhojiwa kabla ya kuaminiwa. Mita nyingi za umeme zina swichi ya kuchagua injini ya silinda nne, sita au nane. Iwapo injini ya silinda sita iliondolewa zamani na kuwekwa ya silinda nane, na mita ikaachwa ilivyokuwa, basi mita hiyo itaonyesha mizunguko 4,000 ambapo kwa kweli ni 3,000. Mabadiliko ya namna hiyo si nadra katika vyombo vilivyopita mikononi mwa watu wengi.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari, petroli ikivuja mvuke huanguka chini na kupeperuka. Katika motaboti huanguka katika ngama na kubaki humo. Mvuke ukifikia kama sehemu 1.4 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kuulipua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuufungua mfuniko wa injini, kunusa, na kuiacha hewa ipite kabla ya kugusa swichi yoyote. Ikiwa harufu ya petroli ipo, injini haiwashwi mpaka mahali panapovuja papatikane.

Kwa sababu hiyohiyo, stata na jenereta za motaboti hutengenezwa kwa namna ya kuzuia cheche zisiufikie mvuke. Za magari hazikutengenezwa hivyo. Fundi akiona kwamba mwenye chombo aliyetangulia alifunga stata ya gari ili kuokoa fedha, basi amekwisha kupata hitilafu ya kwanza, hata kama injini inawaka vizuri.

Hatari nyingine mbili zafaa kukumbukwa. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Kwa hiyo injini haiendeshwi ndani ya banda lililofungwa. Tena, mtu haingizi mkono katika tundu la jeti mpaka injini izimwe na ufunguo utolewe.

MIZUNGUKO IKIZIDI: PAMPU INAKULA HEWA

Pampu ya maji haina nguvu juu ya hewa. Mapovu yakiingia katika impela, mapanga huzunguka kwa wepesi, injini hukimbia kwa sauti ya juu, na chombo hukaa mahali pake. Sababu ya kawaida ni takataka: majani, nyuzi za magugu au kipande cha kamba kilichonasa kwenye fito za tundu la kuchotea. Maji hayapiti kwa wingi unaotakiwa, na nyuma ya fito hutokea upungufu wa shinikizo.

Upungufu huo huzaa jambo la ajabu. Maji hayachemki kwa joto tu. Huchemka pia shinikizo linaposhuka sana. Kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi maji huchemka iwapo shinikizo litashuka hadi kilopaskali 2.3 hivi, ilhali shinikizo la hewa ya kawaida ni kama kilopaskali 101. Mbele ya impela iliyonyimwa maji, shinikizo huweza kushuka kiasi hicho. Mapovu ya mvuke huzuka na kupasuka papo hapo juu ya mapanga, na kila mpasuko huchimba tundu dogo katika chuma. Mapanga yaliyoliwa kwa njia hiyo huonekana kama yametobolewatobolewa kwa sindano.

Ikiwa fito ni safi, fundi hutazama nafasi iliyopo kati ya mapanga na mzingo. Mito iletayo mchanga na unga wa mawe kutoka milimani husaga ncha za mapanga, na mzingo pia, siku hata siku. Nafasi ikipanuka, maji yaliyokwisha kusukumwa hurudi nyuma kupitia upenyo huo, na nguvu ya injini hupotea bure. Nafasi hiyo hupimwa kwa vipande vyembamba vya chuma vya kupimia upenyo, na matokeo hulinganishwa na kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Kadhalika fundi huangalia kama kokoto imenasa kati ya mapanga, kama panga lolote limepinda, na kama hewa inapenya mahali ambapo jeti imeungana na bodi.

MIZUNGUKO IKIPUNGUA: INJINI IMEDHOOFIKA

Ikiwa mita inaonyesha upungufu, kipeo cha tatu husaidia kuupima ugonjwa. Chukulia kwamba kikomo cha kawaida kilikuwa 4,000 na sasa ni 3,600. Huo ni upungufu wa sehemu moja ya kumi, na wengi wataudharau. Lakini 0.9 kwa kipeo cha tatu ni 0.729. Maana yake ni kwamba injini sasa inatoa kiasi cha asilimia 73 tu ya nguvu yake ya zamani. Zaidi ya robo imepotea.

Injini ya petroli hudai mambo manne: petroli, hewa, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo katika silinda. Fundi mzuri huanza na lililo rahisi. Kwanza humwomba mwenzake akanyage mafuta hadi mwisho huku yeye akitazama kabureta, kwa maana mara nyingine kebo imelegea, na mlango wa hewa haufunguki wote. Hitilafu ya namna hiyo huondolewa kwa spana moja.

Baada ya hapo hufuata petroli. Petroli iliyokaa miezi mingi katika tangi huharibika na kuacha utomvu katika njia nyembamba za kabureta, na ile iliyochanganywa na alkoholi huvuta unyevu. Kiasi kidogo kikimiminwa katika chupa safi na kuachwa kitulie, maji hukaa chini na petroli juu, nao mpaka kati yao huonekana wazi. Ikiwa injini huenda vizuri kwa dakika kadhaa kisha hukata, na baada ya kupumzika huwaka tena, inafaa kulegeza mfuniko wa tangi. Mfyonzo wa hewa ukisikika, na injini ikapona, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba. Petroli ilikuwa ikitoka, lakini hewa haikuweza kuingia kushika nafasi yake.

Plagi zikitolewa na kupangwa kwa mfuatano wa silinda zake, zina mengi ya kusema. Rangi ya udongo iliyopauka ni dalili ya afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli iliyozidi, na oili huonyesha ringi au njia za valvu zilizochakaa. Weupe huonyesha joto kali au petroli pungufu, na kutu au matone ya maji hutangaza kwamba maji yameingia pasipostahili. Plagi moja ikitofautiana na wenzake saba, ugonjwa uko katika silinda ile; zote zikifanana kwa ubaya, ugonjwa uko katika kitu zinachoshirikiana, kama vile kabureta, koili au platini.

Kipimo cha mwisho ni mgandamizo. Plagi zote hutolewa, cheche huzimwa, mlango wa hewa hufunguliwa wote, na kila silinda hupimwa kwa geji huku stata ikiizungusha injini. Linaloangaliwa zaidi ni ulinganifu wa silinda. Silinda iliyo nyuma ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 ni ya kushukiwa. Kijiko kidogo cha oili hutiwa ndani yake na kipimo hurudiwa. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni ndizo zilizochakaa, kwani oili imeziba upenyo kwa muda. Usipopanda, hitilafu iko kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu kwa pamoja, gasketi iliyo kati yao yaelekea imeungua.

MAJI YALIYO RAFIKI NA MAJI YALIYO ADUI

Gari hupoza injini yake kwa radieta. Motaboti nyingi za jeti huchukua sehemu ndogo ya maji yanayosukumwa na pampu na kuyapitisha katika injini, kisha huyatupa nje. Mpango huu ni rahisi, lakini una kasoro mbili. Jeti ikikosa maji, injini nayo hukosa maji ya kupozea. Na chochote kilicho mtoni huingia katika injini. Mchanga hutulia katika pembe za chini za bloku na kuganda huko kama matope katika mtungi, mpaka silinda za nyuma zikawa na joto kuliko za mbele. Ikiwa geji ya joto inapanda, hukaguliwa kwa mfuatano fito za tundu, chujio la maji, mabomba, thamostati, kisha njia za ndani ya bloku.

Majira ya baridi nayo huacha alama yake. Maji yakiganda kuwa barafu hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Katika kusini mwa New Zealand, motaboti iliyowekwa bandani mwezi wa Juni bila kumwagwa maji huweza kukutwa mwezi wa Septemba bloku yake ikiwa na ufa usioonekana kwa macho. Dalili yake huonekana kwenye kijiti cha kupimia oili: oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Anayekwenda kununua motaboti asikose kukitoa kijiti hicho na kukitazama kwenye mwanga.

Aidha, maji huweza kuingia katika silinda kupitia mabomba ya moshi yaliyoliwa na kutu. Hewa hugandamizwa, maji hayagandamiziki. Pistoni ikipanda na kuyakuta maji juu yake, hukwama, na mkono wake huweza kupinda. Injini ikikataa kuzunguka ghafla, stata isilazimishwe. Plagi zitolewe kwanza ili maji yapate njia. Kwa sababu hiyohiyo, injini inaposafishwa nchi kavu kwa bomba la mpira, huwashwa kwanza ndipo maji yafunguliwe, na mwishoni maji hufungwa kwanza ndipo injini izimwe. Kufungua maji wakati injini imelala ni kuyakaribisha katika silinda.

HITILAFU MBILI ZINAPOFICHANA

Chukulia sasa kwamba motaboti imenunuliwa, na kitabu cha mwenyewe wa zamani kinasema kikomo chake ni mizunguko 4,000. Inajaribiwa mtoni, nayo mita inaonyesha karibu 4,000, lakini mwendo ni mdogo. Kwa kanuni iliyoelezwa, lawama zingeangukia chombo chenyewe. Ngama inakaushwa, mizigo inapunguzwa, kifuniko cha nyuma kinainuliwa, na hali haibadiliki. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani; fundi naye hana budi kurudi kwenye asili ya jambo.

Silinda moja kati ya nane ikifa, kani ya kuzungusha hupungua kwa sehemu moja ya nane. Kani inayodaiwa na impela hukua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo injini hiyo ingetulia kwenye mizunguko 3,740 hivi. Lakini ikiwa nafasi ya impela imepanuka kwa mchanga, pampu haishiki maji yote, mzigo wake umekuwa mwepesi, na mizunguko hupanda tena kuelekea 4,000. Hitilafu moja inashusha, nyingine inapandisha, na mita inaonyesha afya isiyokuwapo. Katika chombo kipya jambo hili ni nadra. Katika chombo kilichotumika miaka mingi, ambamo injini na pampu zimechakaa pamoja, ni jambo la kutazamiwa.

Hapo shahidi mmoja hatoshi. Yahitajiwa vipimo visivyotegemeana: mgandamizo kwa ajili ya injini peke yake, na nafasi ya impela kwa ajili ya pampu peke yake. Pia yahitajiwa nidhamu ya kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kukijaribu chombo, na kuandika matokeo. Fundi anayebadilisha plagi, koili na impela kwa siku moja huenda akakiponya chombo, lakini hatajua ni dawa ipi iliyoponya, na mwenye chombo atalipia zote tatu.

SOMO KWA SHULE

Shule haihitaji kuwa na motaboti ili kuyaona mambo haya. Pampu ya umeme inayopandisha maji katika tangi la shule hufuata kanuni ileile. Maji yakikatika upande wa kuvuta, sauti ya pampu hupanda, na ameta iliyofungwa na fundi umeme huonyesha mkondo mdogo zaidi kuliko wa kawaida, kwa kuwa pampu haifanyi tena kazi yake. Anayesikia sauti tu atadhani pampu imepata nguvu. Anayesoma ameta atajua kwamba imekosa maji, naye ataizima kabla haijaungua.

Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi jedwali la mizunguko 4,000, 3,600, 3,200 na 2,000, wakokotoe nguvu idaiwayo kama sehemu ya nguvu kamili. Watapata 1, 0.729, 0.512 na 0.125. Wakiichora grafu yake wataona mara moja kwa nini upungufu mdogo wa mizunguko ni habari kubwa. Mwalimu wa fizikia aweza kuendelea kwa kuwauliza ni vipimo gani viwili vingetosha kumjulisha fundi kwamba injini na pampu zimeugua kwa pamoja, na kwa nini kipimo kimoja hakitoshi.

Mita, plagi, kijiti cha oili na chupa ya petroli ni vyombo vya bei ndogo kuliko impela au bloku mpya. Mtu akivisoma kwa utaratibu chombo kikiwa bado gatini, hatalazimika kuutafuta ugonjwa mahali ambapo mkondo unakwenda kasi, mawe yako mbele, na maji yamekwisha kuacha kutoka katika nozeli.